Siri Niliyoiacha Sebuleni kwa Vonny

Juma lililopita niliishia pale binti yangu Switly aliposimama katikati ya ndoo za maua, bado ana sare za shule, akaniuliza: "Mama, baba yuko meli gani?"

Kwa wewe unayeanza leo, nakupa kwa ufupi. Naitwa Meidy Lumowa, nalima na kuuza maua hapa mjini Tomohon. Mume wangu Frits hayuko melini. Yuko gerezani Sorong, ng'ambo ya bahari, mwaka wa tatu sasa, kwa kumjeruhi mtu kwa panga bandarini siku aliyolewa gongo. Mtaa mzima niliwaambia amepata kazi ya ubaharia. Switly naye nilimwambia hivyo hivyo, alipokuwa na miaka kumi na minne.

Watu sita tu ndio niliowaambia ukweli. Dada zangu wa kikundi cha nyumbani cha kanisa letu, sebuleni kwa Dada Vonny, tunakokutana kila Alhamisi saa kumi jioni.

Basi, Switly hakusogea.

"Nimekuuliza, mama. Meli gani?"

"Ya mizigo. Si unajua?"

"Jina lake?"

"Majina ya kigeni hayo, yananishinda kutamka."

"Keren kaniuliza mbele ya darasa zima. Kasema, 'Baba yako huko aliko, bahari anaionea dirishani au kwenye nondo?' Watu wakacheka, mama. Mpaka mwalimu akageuka."

Mkasi ulinitoka mkononi. Nilitafuta uongo mwingine haraka haraka, nikakuta ghala tupu.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

"Switly, mwanangu, nisikilize..."

"Miaka mitatu! Miaka mitatu namwombea asizame!"

Akaingia ndani akajifungia. Tangu siku hiyo akawa ananisemesha kama mteja anavyomsemesha muuza duka. Shikamoo. Chakula kipo? Asante. Basi.

Nikakaa kwenye kigoda changu nikafikiri. Keren anaishi na nani? Na shangazi yake. Shangazi yake ni nani? Olvie. Olvie yupi? Olvie wa kikundi chetu, anayekaa kila Alhamisi karibu na dirisha, anasikia yote, anasema machache.

Nilitamani mwizi wa siri yangu angekuwa mwingine.

Kanisa letu lilianza na watu thelathini nyuma ya duka la matairi. Leo ni karibu elfu mbili, tunajaza ukumbi wa zamani wa sinema mara tatu kila Jumapili. Watu wa makanisa mengine huuliza siri ni nini. Siri ni vikundi. Ukija mara ya kwanza unapangiwa sebule. Humo unajulikana jina, unajulikana mtoto wako anaumwa nini, unajulikana chai yako unakunywa na sukari kiasi gani. Kikundi kikifika watu kumi na wawili kinagawanywa, na hiyo tunaita kuzaa.

Mimi nilikuja nimenuna, nimechoka kudanganya. Mwaka mzima nilikaa kimya. Siku niliposema, nililia mpaka kamasi, na wanawake sita wakanishika kichwa, mabega, magoti, hakuna aliyenitazama vibaya. Jioni ile nilirudi nyumbani nikala sahani mbili za wali.

Na nilipougua homa ya dengi, Olvie huyo huyo alikuja siku kumi na nne mfululizo kunikatia maua na kuyapeleka sokoni, halafu ananipikia uji wa maboga na majani. Hakuniambia hata mara moja kwamba amechoka.

Ndiyo maana iliniuma hivyo.

Alhamisi nilikwenda kwa Vonny nikiwa nimejaa. Nilikuta wameshakaa, ndizi za kukaanga na pilipili mezani. Vonny akasema, "Haya, wapendwa, nani anaanza kutushirikisha?"

"Mimi," nikasema. "Na nitaanza na Olvie."

Olvie akainua macho.

"Nani kamwambia mpwa wako habari za Frits?"

"Meidy, ngoja..."

"Sitaki ngoja! Nakuuliza wewe. Mwanangu amechekwa darasani. Nani kamwambia?"

"Si mimi."

"Keren analala nyumba ya nani? Anakula kwenye chungu cha nani? Au siri zangu zimeota miguu zikatembea zenyewe?"

Dada mmoja alianza kusema tuombe kwanza, nikamkata. Nilisema maneno ambayo leo hii siwezi kuyaandika gazetini. Nilimwita nyoka wa ndani ya blanketi. Nilimwambia mtu asiye na mtoto hawezi kujua uchungu wa mtoto.

Hilo la mwisho lilipotoka niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa na mtoto. Alikufa ana miaka miwili.

Olvie akanyanyuka. Akachukua mwavuli wake. Bakuli la samaki wa moshi alilokuja nalo akaliacha pale pale mezani.

"Kama umeshaamini ni mimi, basi," akasema, akatoka.

Vonny akanikumbatia. Ni mwanamke mnene, mwenye mikono mizito ya joto, ukikumbatiwa naye unajiona umefika.

"Usilie," akaninong'oneza. "Hata mimi nilishamshuku siku nyingi. Mtu asiyesema sana ana lake."

Akachukua simu. Simu zetu sote zikatetemeka kwa pamoja, tukasoma: Olvie ametolewa kwenye kundi.

Halafu tukaimba. Samaki wake tukawala.

Niseme ukweli, maana nilianza simulizi hii kwa kuahidi ukweli: nilijisikia vizuri sana. Nilipomsaidia Vonny kuosha vyombo jikoni nikamfungulia hata lile la mwisho, ambalo kikundi hakikulijua. Kwamba Frits humwandikia Switly kila mwezi. Kwamba barua zote nimezificha bandani, kwenye boksi la mbolea, na sijampa hata moja. Kwamba mimi mwenyewe sijamjibu Frits hata mstari tangu siku ya hukumu, na sijui kama namtaka tena.

Vonny akafuta sahani polepole. "Hili linabaki hapa kwenye sinki," akasema.

Siku kumi na mbili zikapita. Jumanne alasiri Mchungaji Hengky akaniita ofisini. Kanisa linatimiza miaka sita Jumapili ijayo, nami ndiye mpambaji wa jukwaa, kwa hiyo nikabeba sampuli ya maua: meupe, ya njano, na yale mekundu yaliyokolea.

Mchungaji si mtu mbaya. Nakuapia. Ni mtu anayekumbuka jina la mbwa wako.

"Keti, Dada Meidy. Switly anaendeleaje? Ameanza kuongea nawe vizuri?"

Nikashtuka kidogo, nikasema moyoni labda Vonny amemwombea hadharani. "Anajitahidi. Siku hizi kila jioni yuko mazoezi ya kwaya."

"Vizuri, vizuri." Akatabasamu. "Na zile barua? Umeshampa?"

Nikaweka maua chini.

"Barua zipi, mchungaji?"

"Za baba yake." Alisema bila hila, kama daktari anayeuliza kama dawa umemaliza. Akavuta faili, akafungua. "Zile zilizo kwenye boksi la mbolea."

Nilinyoosha mkono, naye akanipa. Hakuwa na sababu ya kunificha. Kwake ile ilikuwa kazi nzuri iliyofanywa vizuri. Ilikuwa fomu. Jina la mwanakikundi. Mahudhurio. Furaha yake. Jeraha lake. Chini ya jeraha, kwa herufi za kompyuta, nilikuwa nimelala mimi mzima: Frits, panga, Sorong, uongo wa meli, barua, mpaka lile la kutojua kama namtaka.

"Nani anaandika haya?"

"Viongozi wote, kila wiki. Dada Meidy, watu elfu mbili mimi nitawajuaje? Mchungaji asiyejua kidonda kiko wapi atapaka dawa wapi?"

"Na nani anayapiga chapa?"

"Vijana wanajitolea Jumamosi. Mara nyingi ni yule binti Keren. Ana mkono mwepesi sana."

"Na mdomo?"

Mchungaji akalitazama faili. Niliona jambo likimwingia taratibu. Wakati huo fundi wa vipaza sauti akamwita mlangoni, akatoka akijipangusa shingo.

Nikabaki na faili. Nikageuza karatasi. Nilitaka kuona ya Olvie. Nilitaka kujua Vonny amemwandika nini mwenzangu.

Wasomaji, hapa ndipo ninapopaswa kuwaomba radhi, maana kuna jambo nililowaficha tangu sehemu ya kwanza.

Mwezi wa pili Vonny alipasuliwa nyongo, akalazwa majuma matatu. Mimi ndiye niliyeongoza kikundi. Alinitumia daftari jipya na ujumbe: "Niandikie kila mtu alichosema, nipate kuwaombea hapa kitandani." Nikaandika. Nilijivuna hata, niliandika kwa mwandiko wa kutulia, kila jina na mzigo wake. Nikampelekea hospitali, sikuwaza tena.

Sasa nikasoma kwenye karatasi, neno kwa neno, sentensi yangu mwenyewe:

"Olvie na mumewe wanalala vyumba viwili tangu mtoto wao afariki. Mume anamlaumu kwamba alichelewa kumpeleka hospitali. Ameomba asiambiwe mtu yeyote."

Hata hilo la kuomba asiambiwe mtu, nililiandika!

Na chini ya rasimu ya mkono iliyobanwa nyuma yake, mwandiko wa Vonny ulioinamia kulia: "Habari hii imetolewa na Meidy."

Kwa hiyo Keren, akiwa na miaka kumi na saba, alikaa kwenye kiti hiki akapiga chapa aibu ya shangazi yake mwenyewe, na jina langu likiwa chini. Alikaa nalo moyoni. Siku ilipomfikia karatasi yangu, akaibeba mpaka darasani kwa mwanangu.

Niliyaacha maua ofisini. Sikumbuki kushuka ngazi.

Olvie nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya boga. Aliponiona hakusimama wala hakuacha kumenya.

"Karibu," akasema. "Kigoda kile pale."

"Olvie, nimeiona karatasi."

"Ipi? Yako au yangu?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye maganda.

"Inuka, utachafua sketi."

"Ulijua?"

"Keren aliniletea mwezi wa tatu. Analia. Mume wangu naye alishaitwa na mzee wa kanisa, akasomewa ndoa yake kama tangazo. Alirudi hapa hakuongea nami siku tisa."

"Mwezi wa tatu! Na mwezi wa tano nilipougua ukaja kunikatia maua?"

"Maua yalikuwa yanaoza."

"Mbona hukusema? Hata Alhamisi ile nilivyokutukana, ungenijibu tu mbele ya watu: Meidy, wewe ndiye uliyeanza."

Hapo akaacha kisu.

"Nilikuwa nimefungua mdomo. Nikakutazama, macho yamevimba kwa ajili ya mwanao. Nikasema, leo si siku yangu. Halafu ukasema lile la mtu asiye na mtoto." Akasukuma maganda kando. "Baada ya lile sikuwa na sauti ya kusemea."

Nikalia. Nililia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.

"Usinililie hapa, Meidy. Usifikiri nimekusamehe. Sijakusamehe, nimekuzoea tu."

Akachukua kisu, akakata kipande kimoja cha boga, akaacha tena. Nikaona anapima jambo.

"Kuna kitu nikwambie kabla hujakisikia jukwaani," akasema. "Keren ndiye aliyepiga chapa ratiba ya Jumapili. Nilimtoa ofisini kule wiki iliyopita, lakini ratiba alishaiona."

"Ratiba ina nini?"

"Ina jina lako. Utaitwa mbele kushukuriwa kwa maua. Halafu pazia linafunguka."

"Linafunguka, kuna nini?"

"Kuna Frits."

Nikacheka. Kweli nilicheka.

"Frits kabakiza mwaka na nusu."

"Kapunguziwa Siku ya Uhuru. Kanisa limemtumia nauli. Ameshuka bandarini Bitung Jumamosi. Yuko kwa Vonny."

"Vonny yupi?"

"Sisi tuna Vonny wangapi?"

Nikakivuta kile kigoda nikakaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Kikundi kizima. Ndiyo zawadi yao kwako." Akageukia sufuria ili asinitazame. "Na Switly. Hakuna mazoezi ya kwaya, Meidy. Kila jioni yuko kwa baba yake."

Kutoka kwa Olvie mpaka kwa Vonny ni mwendo wa dakika kumi, njia ya kupanda. Mvua ilianza nikiwa katikati na sikujikinga. Nilikuwa napanga nitamwambia Vonny nini, kila nikipata neno naliona dogo.

Kizingitini kwa Vonny viatu vilikuwa vimejipanga. Ndala jozi tano za dada zangu ninazozijua moja moja. Viatu vyeusi vya shule. Na jozi moja ya makubadhi ya kiume, mapya kabisa, bado yana alama ya bei kwenye soli.

Sikubisha hodi.

"Jamani, Meidy!" Vonny akaruka kutoka kwenye kochi. "Mbona umetuharibia? Mwenzenu kaja kabla ya siku!"

Wengine wakacheka kwa woga. Mmoja akapiga makofi mawili, akaacha.

Frits alikuwa amekaa karibu na dirisha, mahali pa Olvie. Amekonda. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Alikuwa amevaa shati la mume wa Vonny, mikono imemzidi mpaka kwenye vidole. Switly alikaa sakafuni ameegemea goti lake, kama alivyokuwa akifanya ana miaka sita.

"Vonny," nikasema, na sauti yangu ilikuwa tulivu kuliko nilivyotaka, "nimetoka ofisini kwa mchungaji. Nimeshika faili."

Uso wake ukashuka. Lakini kabla hajajibu, Frits akasimama. Alisimama haraka, amenyooka, kama mtu aliyezoea kusimama akiitwa.

"Meidy. Nilipata barua yako."

"Barua gani?"

Akatoa karatasi mfuko wa shati. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imechanika.

"Hii. Uliyosema umenisamehe. Uliyosema nirudi, mlango uko wazi." Akainyoosha kwa kiganja. "Nilikuwa nimepanga nikitoka nibaki huko huko Sorong. Nisiwasumbue. Barua hii ndiyo iliyonipandisha meli."

Nikaitazama karatasi mkononi mwake. Mwandiko ulikuwa umeinamia kulia. Chini kabisa kulikuwa na jina langu.

Nikamtazama Vonny. Machozi yalikuwa yanamtoka, na akanitikisia kichwa kidogo sana, kwa namna ya kuniomba.

Switly akainuka, akanishika mkono. Mara ya kwanza baada ya majuma mawili.

"Mama, zile barua nazo mama mdogo Vonny kaniambia," akasema. "Kwamba ulikuwa unanitunzia mpaka nitimize kumi na saba. Samahani nilikununia."

Huo ulikuwa uongo wa pili kutungwa kwa jina langu, na huu ulikuwa umenirudishia mtoto.

Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri. Nilifungua mdomo, nikasikia Frits akivuta pumzi. Kumbe alikuwa ananisoma usoni tangu nilipoingia. Miaka kumi na minane ya ndoa haifutwi na mitatu ya gereza.

Akaikunja ile karatasi polepole, akaiweka mezani, karibu na sahani ya ndizi.

"Meidy," akasema, "kama hukuiandika wewe, niambie sasa hivi. Begi langu sijalifungua."